Maneno Manne ya Kupungua

Katika likizo ya Agosti nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza, jirani yetu wa mtaa wa Manyatta mjini Kisumu, alinikuta katika maktaba ya umma nikinakili maneno magumu kutoka kwenye kamusi. Daftari langu lilikuwa na safu mbili, neno upande mmoja na maana yake upande wa pili, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari. Mwalimu alivuta kiti, akaisoma orodha yangu kimya, kisha akaniomba nifungue kamusi penye neno "abate".

"Soma maana, nyathina (mwanangu), lakini usiishie hapo. Soma na sentensi iliyo chini yake."

Maana ilizungumzia jambo linalopungua nguvu au ukali, na mfano ulihusu dhoruba. Kutoka hapo alinipeleka kwenye "dwindle", "recede" na "subside". Nilipoziweka maana zote nne pamoja, zilikaribiana mno hata mtu angedhani kwamba neno lolote kati ya hayo lingefaa mahali popote. Mifano ndiyo iliyoyatenganisha. Dhoruba na upepo mkali viliambatana na neno la kwanza. La pili lilihusu akiba, idadi ya watu au matumaini, yaani vitu vinavyokwisha kidogo kidogo. La tatu lilihusu maji yanayorudi nyuma na kuiacha ardhi yaliyoifunika. Na la nne lilikubali mafuriko vilevile, ila lilikuwa tayari pia kwa maumivu, kelele na hasira zinazotulia.

Niliuliza kwa nini kamusi ijisumbue na mifano mingi hivyo, na Mwalimu alifurahia swali hilo kuliko yote niliyomuuliza siku ile. Kamusi iliyokuwa mezani ilikuwa ile ya Oxford ya wanafunzi wa ngazi ya juu. Alinieleza kwamba mwanzilishi wake, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na kwamba kazi hiyo ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kabla ya Oxford kuitoa mwaka 1948. Hornby alijua kwamba mgeni wa lugha hana masikio ya kumwambia neno gani huandamana na lipi. Kabla yake, mwaka 1935, Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, alishiriki kutunga kamusi iliyoeleza maelfu ya maneno kwa kutumia maneno 1,490 tu, na mwaka 1978 kamusi ya Longman ilifuata njia hiyo kwa maneno yapatayo 2,000. Mimi huuona uamuzi huo kuwa heshima kubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu hakuna kinachovunja moyo kama kufungua kamusi kutafuta neno moja gumu na kukutana na mengine matatu.

Baada ya maelezo hayo alifunga kamusi. "Mifano ya Uingereza imekusaidia kuelewa," alisema. "Sasa niandikie ya kwetu, ndipo maneno yatakaa."

Niliandika kwa Kiingereza kuhusu wavuvi wa Dunga waliosubiri upepo utulie kabla ya kuingiza mashua ziwani; kuhusu samaki wa Ziwa Victoria wanaozidi kuadimika mwaka hadi mwaka; kuhusu maji ya Mto Nyando yaliyofurika katika uwanda wa Kano, kisha yakarudi nyuma na kuacha mashamba yamejaa matope; na kuhusu kelele za soko la Kibuye zinazofifia jioni wachuuzi wanapofunga bidhaa zao. Kila sentensi aliisoma kwa sauti ya chini, akaniuliza ni kitu gani hasa kinachopungua na kinapungua namna gani, na hakuendelea na nyingine mpaka nimjibu. Kwa mfano wa samaki alitaka nithibitishe kwamba nazungumzia idadi yao, wala si ukubwa wao, na akanitaka niongeze neno la kuonyesha hivyo.

Tulifanya kazi hiyo mpaka maktaba ilipokaribia kufungwa. Alipoinuka aliniagiza nirudi Jumamosi iliyofuata na sentensi za maneno ya kuongezeka, akianza na "soar" kwa bei, "swell" kwa mto na "accumulate" kwa madeni.