Mitihani ya AP: nilicholipa na nilichopata

Mtihani wangu wa kwanza wa AP niliufanya Mei 2024, nikiwa darasa la 11 hapa Dayton, Ohio. Ulikuwa wa Kifaransa. Ada ilikuwa dola 98, na Papa, baba yangu, alizitoa kwenye bahasha ya kodi ya nyumba. Bahasha ile siisahau, kwa sababu mwaka huo hakuna aliyetuambia kwamba familia yenye kipato kama chetu haikupaswa kulipa bei hiyo.

Kwa asiyeijua, AP, yaani Advanced Placement, ni mitihani ya taasisi inayoitwa College Board. Mwanafunzi wa sekondari anasoma somo la kiwango cha chuo mwaka mzima, Mei anafanya mtihani, Julai anapata alama kati ya 1 na 5. Ohio ina utaratibu wa jimbo zima: ukipata 3 kwenda juu, vyuo vya umma vinakupa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada. Hayo tulielezwa shuleni, na ni kweli. Mengine niliyajua nikiwa nimeshalipa.

Niliamua kuanza na Kifaransa kwa sababu sikuwa natokea sifuri. Nimezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kasulu mkoani Kigoma, na shule za Wakongo pale zilifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Papa alikuwa mwalimu. Tulipohamia Marekani mwaka 2019 nilikuwa na miaka 12, na yeye hakukubali lugha ile ife mdomoni mwetu. Kila Jumapili baada ya ibada alitusomea imla mezani, akasahihisha kwa kalamu nyekundu kama bado yuko darasani, halafu akaenda kulala kidogo kabla ya zamu ya usiku kule ghalani.

Kusoma na kuandika hakukunitisha. Kilichonitoa jasho ni kuongea. Kuna sehemu unasikiliza sauti iliyorekodiwa, unajibu kwa sekunde 20, inakuja nyingine, mara tano. Papa alishika simu kupima muda nikifanya mazoezi kwa maswali ya miaka iliyopita, ambayo College Board huyaweka wazi bila malipo. Mara ya kwanza sekunde zote 20 ziliishia kwenye salamu na kuulizana hali. Kwetu huwezi kumvamia mtu na shida yako kabla hujamjulia hali! Ikabidi nijifunze kufupisha: salamu neno moja, jibu, sababu moja, basi.

Sehemu ya mwisho unaongea dakika mbili ukilinganisha jamii yako na jamii nyingine inayotumia Kifaransa. Nikamwuliza Papa, jamii yangu ni ipi? Uvira alikozaliwa yeye naijua kwa masimulizi tu. Alifikiri kidogo akasema, "Binti yangu, sema Dayton ndiyo yako, kisha uwasimulie wale wa Nyarugusu. Hakuna atakayekuzidi kuwajua." Basi mazoezi yangu yote yakawa ya namna hiyo: jirani wa hapa akifiwa anapelekewa kadi na chakula, kule matanga yanakusanya watu wa kijiji kizima cha kambi, wanawake wanaleta kuni na unga, wanaume wanakesha nje. Nikiyasema hayo kwa Kifaransa maneno hayakunipungukia.

Nilipata 4. Papa aliitazama ile namba kwenye simu yangu muda mrefu sana.

Mwaka uliofuata nilichukua Biolojia na Historia ya Marekani. Safari hii mama mmoja wa kanisani, ambaye mtoto wake alikuwa shule nyingine, alimwambia Mama kwamba anayestahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni huwa anastahili na punguzo la AP. Ada kamili ya 2025 ilikuwa dola 99, nasi tukalipa 53 kwa kila mtihani. Niliumia kukumbuka zile 98. Fomu ya chakula tuliijaza kila mwaka, na kwenye ofisi ileile iliyoipokea ndiko nilikolipia mtihani wa Kifaransa. Kwa hiyo nawaomba wazazi: msisubiri kuambiwa. Mwulizeni mratibu wa AP wa shule mapema, Septemba au Oktoba, maana kwa kawaida mitihani ya Mei huagizwa mwisho katikati ya Novemba, na ukichelewa unaongezewa dola 40.

Biolojia nilipata 3. Historia nilipata 2, ambayo haikunipa krediti hata moja. Historia niliichukua kwa sababu marafiki zangu walikuwa darasa lile, na kwa sababu niliamini kadiri AP zinavyokuwa nyingi ndivyo chuo kitakavyonipenda. Zile jioni zote ningezipeleka kwenye hisabati ningekuwa mbali zaidi leo. Somo ambalo huna msingi wake wala huna haja nalo mbele, mtihani wake ni ghali hata ukiwa wa dola 53.

Halafu kuna kutuma matokeo chuoni. Kila mwaka unaofanya mtihani unaruhusiwa kuchagua chuo kimoja kipokee alama zako bure, mradi uchague kabla ya tarehe 20 Juni kupita. Mimi nilikuwa nahangaikia mahafali, tarehe ikanipita, nikalipa dola 15.

Nilipoanza chuo kikuu cha umma, masomo ya uuguzi, nilikwenda kwa mshauri wa masomo nikiwa na furaha yangu. Kifaransa kilinipa krediti 6, zikajaza nafasi mbili ambazo ningelazimika kuzijaza kwa kozi nyingine. Biolojia ilipokelewa pia, kama utaratibu wa Ohio unavyotaka, lakini mkondo wa uuguzi unadai anatomia na fisiolojia, na hizo AP yangu haikuzifuta. Krediti ziko kwenye rekodi yangu. Kozi niliyodhani nimeikwepa nikaisoma.

Na bili haikushuka. Hili ndilo ningependa mtu angenifafanulia mapema. Chuo changu, kama vingi vya umma hapa, kinatoza ada ileile kwa mwanafunzi wa masomo kamili anayechukua krediti 12 na anayechukua 18. Kwa hiyo kuingia na krediti mkononi hakupunguzi ada ya muhula. Fedha unaiokoa kama zinakuwezesha kumaliza muhula mmoja au miwili mapema, na uuguzi una mafunzo ya hospitalini yanayofuatana kwa mpangilio wake, huwezi kuyaruka.

Nilichopata mimi ni muda. Wenzangu wanachukua krediti 15, mimi nachukua 12, ambazo bado zinahesabika kuwa masomo kamili kwa msaada wa Pell, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato kidogo. Siku niliyoiokoa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kama msaidizi wa wauguzi. Mshahara ule ndio uliorudisha fedha za bahasha, na bibi mmoja pale, ambaye husahau jina langu kila siku, amenifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza kabla darasa halijafika huko.

Kiangazi kabla ya chuo nilijaribu pia CLEP, ambayo nayo ni ya College Board. Hii haina darasa la mwaka mzima: unasoma mwenyewe, unakwenda kwenye kituo, dakika 90, na masomo mengi alama unaziona kwenye skrini hapohapo. Nilisoma saikolojia ya utangulizi kwenye tovuti ya Modern States, ambayo masomo yake ni ya bure na ukimaliza wanakupa vocha ya kulipia mtihani. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayotambuliwa na vyuo vingi. Nilipata 57, krediti 3, na saikolojia hiyo iko kwenye orodha ya masomo ya lazima ya uuguzi. Wiki tano za kusoma jioni zilinifaa kuliko mwaka mzima wa Biolojia. Ila hii niliifanya baada ya kupiga simu chuoni na kuuliza: mnaipokea, na itafuta kozi gani?

Mdogo wangu yuko darasa la 10, na yeye anapitia College Credit Plus, mpango wa Ohio unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma kozi halisi za chuo cha umma bila kulipa ada wala vitabu. Anakwenda kwa basi la RTA mara mbili kwa wiki kusoma uandishi wa Kiingereza. Hapo krediti hazitegemei mtihani wa siku moja, lakini alama yake inabaki kwenye rekodi za chuo maisha yake yote, na ukifeli wilaya ya shule inaweza kudai fedha zake. Nilimketisha chini nikamweleza hilo mara mbili.

Mei hii anafanya Kifaransa cha AP, kwa dola 53. Aliondoka Nyarugusu mdogo kuliko mimi, na maneno yanamponyoka. Jumapili iliyopita nilimkuta mezani na Papa, kalamu nyekundu imelala juu ya karatasi, simu inahesabu sekunde 20, naye bado yuko kwenye salamu.