Upepo unaovuja: usake kwa hedifoni

Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye presha ya bar 7 hutoa takribani lita 10 za upepo kila sekunde. Kompresa hula kilowati 3 hadi 4 kulilisha tundu hilo tu. Ikiwaka usiku na mchana mwaka mzima, hizo ni uniti karibu 30,000 za umeme. Oili ikivuja sakafu huchafuka na mtu hugombezwa. Upepo hauna doa, basi unaachwa.

Mlio wake humezwa na kelele za kiwanda. Lakini upepo ukipenya mahali pembamba hutoa pia sauti kali kupita kHz 20 (mitetemo 20,000 kwa sekunde), ukomo wa sikio la binadamu. Kifaa cha kusakia mivujo hutegwa karibu na kHz 40, kisha huishusha sauti hiyo uisikie kwenye hedifoni kama tairi lililochomwa msumari. Sauti hii haifiki mbali na haipindi kona kirahisi, ndiyo maana huonyesha ilikotoka.

Anza na usikivu wa juu, pitisha kifaa polepole. Mlio ukijaa, punguza usikivu ndipo usogee. Wengi hukosea hapa: wanauacha juu, kila kona inalia. Bati na chuma laini hurudisha mwangwi, kwa hiyo badili pembe, au kinga kelele ya jirani kwa kipande cha boksi. Ukifika penye mvujo, vika kifaa ncha ya mpira, kisha hakikisha kwa povu la sabuni na ufunge kibandiko chenye namba.

Anzia kwenye kaplin za mipira, filta, regyuleta na drein za maji.

Valvu inayopumua mfululizo kwenye tundu la kutolea upepo isibadilishwe haraka. Mara nyingi sili (kizuia upepo) ya pistoni ya silinda ndiyo imekwisha. Toa upepo wote, chomoa mpira wa upande usio na presha, rudisha upepo ukiwa umekaa mbali. Upepo ukitoka kwenye silinda, sili ni mbovu; ukiendelea kutoka kwenye valvu, hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Baada ya kuziba, rekebisha kompresa. Usipofanya hivyo presha hupanda, na mivujo iliyobaki huvuja zaidi. Kompresa isiyo na inverta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ikizunguka bila mzigo bado hula robo hadi theluthi ya umeme wake. Zikiwa mbili, jaribu kuzima moja.