Siku tano za kufuata bamvua na shomoro wa vinamasi vya chumvi

Simu ya mama ilinikuta Portland, katika jimbo la Maine, usiku wa kuamkia safari. Mama hulima mwani huko Paje, Unguja, na kwa hiyo siku zake huhesabiwa kwa maji: bamvua likifika, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu yanayopanda na kutoka kuliko kawaida, bahari hutoka mbali na wanawake hushukia mashamba yao, yakija maji mafu yasiyotoka mbali, kazi husimama. Nilipokwisha kumwamkia nilimweleza kwamba nakwenda kuwasaidia watafiti wanaochunguza ndege anayejenga kiota chake mahali palepale ambapo bamvua hupanda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na huyo ndege anajua bamvua ni lini?" Niliondoka na swali hilo, na sikuona jingine lililo bora kuliko hilo katika siku zote tano.

Tulianzia Scarborough alfajiri, siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Kinamasi cha Scarborough, chenye takriban hekta 1,250, ndicho kikubwa kuliko vinamasi vyote vya maji chumvi katika Maine. Kandokando ya vijito huota majani marefu na magumu ambayo maji huyafikia kila siku. Juu yake, palipoinuka kwa kimo cha kiganja tu, hutandaa majani mafupi na laini yaliyolala kama nywele zilizochanwa. Haya hufikiwa na maji ya bamvua peke yake, na ndiyo makazi ya shomoro tuliyemfuata, ndege wa gramu 20 hivi mwenye uso wa rangi ya machungwa. Jina la shomoro tumempa kwa kufanana tu, kwa kuwa ukoo wake si ule wa shomoro wa mapaa ya nyumba zetu. Duniani kote hazalii popote ila katika vinamasi vya pwani ya mashariki ya Marekani, kuanzia Maine hadi Virginia.

Nilidhani kazi ingekuwa kusimama, kusikiliza na kuhesabu, kama wanavyohesabiwa ndege wengi. Mtafiti aliyetuongoza alinirekebisha kwa upole. Dume wa shomoro huyu huimba kama anayenong'ona, hana eneo analolilinda, hajengi kiota wala halishi makinda. Huzunguka akitafuta majike, na mara nyingi makinda wa kiota kimoja huwa na baba tofauti. Kusikia madume kumi katika kinamasi, basi, hakumwambii mtu kama kuna kinda hata mmoja atakayeruka. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko yote niliyojifunza, kwa sababu kinamasi kinaweza kuonekana kimejaa uhai huku kwa kweli hakizalishi kitu. Mradi wa utafiti uitwao SHARP, uliowakutanisha wanasayansi wa majimbo mengi, ulikadiria mwaka 2011 na 2012 kwamba wamebaki ndege wapatao 60,000, na hesabu zilizolinganishwa tangu mwaka 1998 zikaonyesha kwamba walikuwa wakipungua kwa karibu asilimia 9 kila mwaka. Takwimu hizo ziliamsha watu. Lakini ili kujua kinamasi kipi kinaokoa ndege na kipi kinawapoteza, hapana budi kuwashika majike kwa nyavu, kuwavisha pete miguuni, na kufuata viota kimoja kimoja.

Kutafuta kiota ni kutembea polepole, macho yakiwa chini, mpaka jike aruke karibu na kiatu chako. Kwa kuwa kugusa viota kunahitaji kibali, mimi nilishika daftari. Kiota cha kwanza kilikuwa sentimita chache tu juu ya udongo, kimefunikwa kwa majani yaliyosukwa kama kuba, na ndani yake mlikuwa na mayai manne. Kuba hilo lina kazi yake: maji yakiingia, mayai huelea na kuba huyazuia yasichukuliwe. Yai linaweza kustahimili kuloa kwa muda mfupi, na kinda aliyekua kidogo hupanda juu ya majani, ila kinda mdogo huzama. Mtafiti aliweka ndani ya kiota kipima joto kidogo kama kifungo cha koti, ambacho huandika joto mchana na usiku. Maji yanapoingia joto huporomoka ghafla, na saa ya mafuriko hujulikana bila mtu kukesha kinamasini.

Tulipita mji wa Wells haraka, tukaingia jimbo la Massachusetts hadi kisiwa cha Plum Island. Hapa wakulima wa zamani walichimba mifereji na kujenga matuta ili wavune majani ya kinamasi kwa ajili ya mifugo, na katika miaka ya 1930 ikaongezwa mifereji mingine mingi kwa ajili ya kupambana na mbu. Leo matuta hayo yaliyosahaulika huzuia maji yasitoke, majani huoza kwa kukosa hewa mizizini, ardhi hudidimia, na viota hukosa mahali. Nilionyeshwa vijifereji vya kina kifupi vilivyochimbwa ili kutoa maji yaliyotuama, na mitaro ya zamani iliyotandazwa majani makavu ili ikamate tope na kujiziba yenyewe. Niliuliza kama ndege wamerudi. Jibu likawa kwamba majani hurudi kwanza, ndege baadaye, na kwamba fedha za miradi mara nyingi huisha kabla ya hapo.

Hilo lilinisumbua hadi mto wa Narrow River, jimbo la Rhode Island, ambako baada ya kimbunga Sandy cha mwaka 2012 mchanga uliochotwa mtoni ulitandazwa juu ya kinamasi ili kukiinua. Kazi ya namna hiyo ni ya kijasiri, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, mtu hawezi kudai kwamba imefaulu asipopima kimo cha ardhi kwa sentimita kabla na baada, asipofuata kinamasi jirani kisichoguswa ili alinganishe, na asiporudi kuhesabu viota mwaka baada ya mwaka. Tena kuna nusu nyingine ya maisha ya ndege huyu: wakati wa baridi huhamia kusini, wengine hadi Florida, na huko uchunguzi ni haba kuliko huku wanakozalia. Jike akikosekana mwaka unaofuata, ni lazima tuweze kusema amefia wapi.

Tulirejea Scarborough asubuhi iliyofuata bamvua. Maji makubwa yalikuwa yamepanda usiku, na majani yote yalikuwa yamelala upande mmoja, yamepakwa tope. Kiota chetu kilikuwa kitupu. Kipima joto kilionyesha mstari ulionyooka tangu siku tulipokiweka, kisha ukaanguka muda mfupi baada ya saa sita usiku.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mama. Tangu yai la kwanza hadi kinda kutoka kiotani hupita siku zipatazo 24, na kati ya bamvua moja kubwa na lingine hupita kama siku 28. Jike anayeanza upya mara tu baada ya mafuriko ndiye mwenye nafasi ya kufaulu. Hivyo maji yanayomharibia ndiyo yanayompangia kalenda. Usawa wa bahari unavyoinuka mwaka hadi mwaka, siku hizo nne za ziada zinaliwa, na ni kwa kupima kila kiota, kila bamvua, ndipo tutakapojua zimebaki ngapi na wapi.

Niliandika saa ya mafuriko kwenye daftari. Hatua chache mbele, jike mwenye pete mguuni alikuwa amebeba jani kavu mdomoni. Mtafiti akaniambia nifungue ukurasa mpya, niandike tarehe, namba ya pete, na kiota cha pili.