Shosho Alipotufundisha Kusokota Utambi

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Jana Mashujaa na Diwali, sikukuu ya taa, ziliangukia siku moja, na huku Parklands, Nairobi, fataki zililia hadi usiku mkubwa. Leo nusu ya watoto wangu wa PP2, darasa la chekechea, wamekuja na usingizi machoni.

Mwaka jana nilikosea, na kosa hilo nimetembea nalo tangu siku ile. Nilimsimamisha binti mmoja wa Kigujarati mbele ya wenzake, nikamwambia, "Haya, tuelezee Diwali." Alikuwa na miaka minne. Alikodolea macho viatu vyake mpaka nikamrudisha kitini. Mimi mwenyewe ukinishtukiza nieleze Krismasi, nitaanzia wapi? Kwangu Krismasi ni harufu ya chapati jikoni kwa mama.

Safari hii nikamwalika nyanya yake. Nyumbani wanamwita Ba. Darasa likamwita shosho, naye akaitika. Alikuja na udongo wa mfinyanzi, pamba na kopo la samli. Hakuanza na hadithi. Alianza na mikono: finyanga taa kama kikombe kidogo, bonyeza ukingo upate mdomo, kisha sokota pamba kwa kiganja iwe utambi. Watoto walipozama kwenye udongo ndipo akawasimulia, taratibu, jinsi mwanamfalme Rama alivyorudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 msituni, watu wakamwashia taa njia nzima.

"Msituni nani alimpikia?" akauliza mmoja.

"Alikuwa na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana," Ba akasema. "Hakuwa peke yake."

Swali hilo nisingelipata kwa kusimama ubaoni.

Taa tuliwasha moja tu, ile ya shaba aliyokuja nayo, tena uani, watoto wakiwa mbali.

Halafu mtoto mmoja akamwonyesha kidole mwenzake mwenye kilemba: "Na huyu pia ni wa Diwali, si ni Mhindi?" Hapo nikachukua chaki. Irabu wanazijua, kwa hiyo nikaandika Mhindi na Mhindu, moja chini ya nyingine. Herufi moja tu, lakini Nairobi tunaimeza kila siku: mwenye asili ya India si lazima awe wa dini ya Kihindu. Kuna Masingasinga, kuna Waislamu, kuna Wagoa wanaokwenda misa. Kijana wa kilemba akadakia kwamba hata kwao waliwasha taa jana. Ni kweli, Masingasinga siku hiyo humkumbuka kiongozi wao wa dini, Guru Hargobind, alipotoka kifungoni Gwalior. Nilifurahi kwamba jibu halikuwa rahisi.

Ba akatuambia kesho ni mwaka mpya wa Wagujarati, 2082 kwa kalenda yao, na salamu yake ni "Sal Mubarak". Binti mmoja wa Kiislamu akaruka kitini: "Mubarak ni ya Idi!" Ba akacheka, akamshika mashavu. Sal ni mwaka kwa Kiajemi, mubarak ni Kiarabu, na Wahindu wa Gujarat wanaamkiana hivyo kizazi hadi kizazi. Darasa zima likaipaza mpaka mwalimu wa jirani akachungulia.

Saa ya kuwachukua watoto, mzazi mmoja aliniuliza kama tunawafundisha dini ya wengine. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeombeshwa. Mtoto wake sasa anajua kwa nini jirani yao huchora maua ya unga wa rangi mlangoni.

Na yule binti wa mwaka jana? Alikuwa akizunguka meza hadi meza akirekebisha tambi za wenzake: "Utoe nje kidogo, hivi." Kabla ya kuondoka alinivuta gauni. Alhamisi ni Bhai Bij, akasema, siku ambayo dada humlisha kaka yake. Yeye hana kaka. Je, anaweza kumletea ladu, kile kitamutamu cha mviringo, mvulana anayekaa naye dawati moja?

Nikamwambia twende tumuulize Ba, yuko pale getini.