Mwendo wa watoto

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari hii ilitakiwa itoke jumatatu na leo ni jumatano usiku, mnisamehe, jumatatu mwanangu mdogo alikuwa anaota meno na jumanne hata sikumbuki ilikuwaje, ilipita tu. Zamu yangu ya kuandika humu kwenye kundi ikifika huwa natamani niandike nimetulia, Biblia mezani na chai pembeni, ila ukweli naandika kwenye simu nimesimama jikoni, maharage yako jikoni yanachemka na chaji imebaki asilimia 11.

Neno ni Mwanzo 33, mstari wa 12 mpaka 17. Mkipata nafasi anzieni sura ya 32, bila hiyo hamtaelewa kwa nini Yakobo anatembea vibaya.

Hii sura wengi tunaijua kwa ajili ya Esau kumkumbatia ndugu yake Yakobo, mahubiri ya msamaha, tumeyasikia sana. Mimi kilichonishika ni kinachofuata wakishamaliza kulia. Esau amekuja na watu 400, hakuna mwenye mtoto mgongoni, anamwambia Yakobo haya tushike safari, mimi natangulia. Yakobo anakataa. Anamwambia bwana wangu watoto hawa wadogo, mifugo inanyonyesha, nikiikimbiza siku moja tu itakufa yote, wewe tangulia, mimi nakuja polepole kwa mwendo wa watoto.

Siku moja tu jamani. Hakusema mwezi.

Sasa niwaambie ya alhamisi. Nilitoka kwenda gengeni kununua nyanya na vitunguu, mdogo mgongoni, wale wawili natembea nao. Ukiwa peke yako ni dakika saba. Asubuhi hiyo kila kitu kilishanishinda, uji ulishika chini, nguo ziko kwenye beseni tangu juzi zimeanza kunuka, na kabla ya kutoka nikafanya kosa la kuangalia status za watu, kuna mwenzangu nimesoma naye, saa mbili asubuhi yuko ofisini kapendeza, watoto keshawafikisha shule, na mimi niko na dera nililolalia. Basi nikatoka na hasira ambayo haina mwenyewe, mnaijua ile.

Wa kati ana miaka mitatu. Akasimama kuangalia siafu. Tukaenda kidogo akaokota kizibo cha soda, akakisafisha kwa mate, akasimama tena kwenye geti la jirani kumwamkia mbwa. Shikamoo mbwa. Siku nyingine ningecheka. Nikamvuta mkono, na si kumshika, kumvuta, mpaka akapepesuka, nikamwambia wewe mtoto unanichosha, kwa sauti ambayo bodaboda wa pale kijiweni wote waligeuka. Akanyamaza. Akaanza kutembea haraka kama nilivyotaka, ila anachechemea, na mimi bila hata kugeuka namwambia acha kudeka.

Tumefika gengeni nainama kuchagua nyanya ndo naona miguu yake. Kiatu cha kulia kiko mguu wa kushoto na cha kushoto kiko kulia. Na si yeye aliyevaa, nilimvalisha mimi, na ile haraka yangu. Nikachutama pale pale mbele ya tenga, nikamvua, kidole kidogo kimechubuka. Yeye kanishika kichwa kwa mikono miwili, eti pole mama. Yani yeye ndo kachubuka.

Mtoto alikuwa anachechemea njia nzima na mimi nawaza mambo ya mtu aliyevaa vizuri kwenye simu.

Rudini kwa Yakobo. Naye anachechemea. Usiku wa kuamkia kukutana na Esau alishindana mweleka na mtu mpaka alfajiri, nyonga ikateguka, akapata baraka na akaondoka na kilema. Na wala tusimfanye mzazi wa mfano, maana asubuhi hiyo hiyo anawapanga watoto wake kwa hofu ya Esau, wa vijakazi mbele, wa mkewe Lea wanafuata, mke kipenzi Raheli na Yusufu wake nyuma kabisa pa usalama. Fikiria wewe ni mtoto wa mstari wa mbele unageuka unaona nani kawekwa mwisho. Yeye mwenyewe alitangulia mbele yao wote, hilo nampa, lakini ule upendeleo ulikuja kuwatesa miaka mingi, mnajua habari za Yusufu na kaka zake.

Mtu wa namna hiyo ndo Mungu alimwachia watoto kumi na mmoja wavulana, achilia mbali mabinti, na hakumnyang'anya. Na huyo huyo, mguu mbovu, makosa bado mabichi, alijua kitu ambacho Esau na watu wake 400 hawakuwa na haja ya kukijua, kwamba msafara wenye wachanga una mwendo wake. Labda mguu ndo ulimfundisha, mi nahisi hivyo.

Tukiwa mama wa nyumbani tunaulizwa sana unashinda unafanya nini. Hata baba watoto huniuliza, kwa nia njema kabisa, na mimi nakosa jibu kwa sababu siwezi kusema leo tulisalimia mbwa. Mikesha nakosa, mfungo siuwezi nanyonyesha, na kuna siku nimejiona nimepoa kiroho kuliko wote humu. Ila Isaya 40:11 imeandikwa wanyonyeshao atawaongoza polepole. Kumbe kuna mwendo wetu umewekwa. Simaanishi kufokea watoto ni sawa, nilimwomba msamaha mwanangu pale gengeni na nikamwomba na Mungu nikiwa naosha vyombo.

Esau akaondoka siku ile ile kwenda Seiri. Yakobo alisema atamfuata huko, akaishia Sukothi, akajenga nyumba na vibanda vya mifugo wakapumzika.

Leo tumeenda tena gengeni. Viatu nimekagua mara mbili. Siafu tumewaangalia mpaka wakaisha, mkubwa akahesabu akakwama kwenye ishirini na tisa akaanza upya, mbwa kaamkiwa, dakika hamsini kwenda na kurudi. Vitunguu nimesahau.