Asubuhi Nilipofundishwa Kusukutua kwa Mafuta ya Ufuta

Kabla ya chochote kingine, mama mmoja, tabibu wa Ayurveda (tiba ya jadi ya India), alininusisha chupa mbili. Moja ilikuwa na mafuta ya kahawia yenye harufu nzito, yaliyokamuliwa kutoka ufuta uliokaangwa. Hayo alisema ni ya chakula. Nyingine ilikuwa na mafuta ya njano hafifu, karibu hayanuki, ya ufuta mbichi. Hayo ndiyo ya kusukutulia. Chupa yoyote inayoanza kunuka kama rangi ya kupaka milango, alisema, imeshaharibika, na mafuta yaliyoharibika huwasha ulimi na kuleta kichefuchefu.

Sikuwa nimekula wala kunywa kitu, kwa maelekezo yake. Tumbo likiwa na chakula, mafuta yakigusa nyuma ya ulimi tu mtu hutaka kutapika. Aliyapasha mafuta kwenye kikombe alichokiweka ndani ya maji ya moto mpaka yakawa vuguvugu, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono, kisha akanipimia kijiko kimoja cha mezani kisichojaa sana, mililita 10 hivi. Mwenye kinywa kidogo, au anayechefuka upesi, huanza na kijiko cha chai.

Ayurveda ina njia mbili za kusukutua, na wengi huzichanganya. Gandusha ni kujaza kinywa kabisa, hata mafuta hayana pa kwenda, ukatulia nayo mpaka macho na pua zianze kutoa maji. Kavala ni kiasi kidogo kinachozungushwa. Tulifanya kavala, na kwa anayeanza ningechagua hiyo daima: kinywa kilichojaa pomoni hakina nafasi ya kosa.

Dakika ya kwanza ndiyo ngumu. Mafuta ni mazito, yanateleza, na ulimi wenyewe hurudi nyuma kuyakwepa. Nilikaa wima, kidevu kimeinama kidogo, midomo imefungwa, pumzi kwa pua. (Mwenye mafua aahirishe, pua ikiziba atafungua kinywa au atapaliwa.) Kazi yenyewe ni kuyasukuma na kuyavuta polepole katikati ya meno: ya mbele kwanza, halafu magego ya kushoto, halafu ya kulia, mashavu yakibonyea na kulegea. Mimi nilianza kwa nguvu, kama watu wanavyosukutua maji. Akanigusa shavu.

“Usiyapige, mwanangu. Yatembeze tu.”

Sababu niliielewa kufikia dakika ya tano, misuli iliyo mbele ya sikio ilipoanza kuuma. Misuli hiyo ya taya haijazoea kazi ndogo isiyo na mapumziko. Mwenye kiungo cha taya kinacholia au kukwama akihisi maumivu hayo aache palepale. Wakati huohuo kinywa kilikuwa kinazidi kujaa. Mate hutiririka mfululizo, na kile kijiko kimoja kinakuwa kama viwili. Hapo ndipo watu wengi humeza bila kukusudia. Alinisogezea kikombe cha karatasi nipunguze kidogo, kisha niendelee. Ni ruhusa ambayo maelezo mengi husahau kuitaja.

Jambo alilolikataza kwa ukali ni kuinua kichwa na kusukutua kooni. Mafuta yakishuka njia ya hewa hayamshtui mtu akohoe kama maji yanavyofanya, na yakifika mapafuni huweza kuleta nimonia ya mafuta, ugonjwa uliokwisha kuonekana kwa watu waliosukutua hivi. Kwa hiyo watoto wadogo, wazee wenye shida ya kumeza, na yeyote anayepaliwa mara kwa mara, wasifanye kabisa. Meno ya bandia ya kuvua yatoke kwanza.

Tuliishia dakika ya kumi. Wapo wanaofika 20, lakini taya iliyochoka huanza kulegea, na midomo nayo huachia. Nilitema ndani ya karatasi. Yalikuwa meupe kama maziwa, mepesi, yenye povu. Weupe huo husemwa kuwa ni sumu iliyovutwa mwilini. Sivyo. Ni mafuta yaliyovunjika vitone vidogo mno ndani ya mate, pamoja na hewa. Mafuta yasiyofikia weupe huo yamesukwa kidogo tu. Wengine husema yamegeuka sabuni, lakini sabuni hutaka magadi makali, na mate hayana ukali huo.

Naipenda desturi hii, na kwa sababu hiyohiyo sipendi inapobebeshwa mzigo usio wake. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, inaisifu kwa taya imara, sauti nzuri, koo na midomo isiyokauka, meno yasiyooza. Hilo la kuondoa ukavu nililihisi asubuhi ileile: midomo ililainika, na ulimi ukipita kwenye meno ulikuta ulaini. Tafiti kadhaa zilizofanywa India zimeona mafuta ya ufuta yakipunguza ukoga, uvimbe wa fizi na bakteria aina ya Streptococcus mutans, wanaochangia meno kuoza, ila zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakiipendekezi kama njia ya kutunza meno. Mafuta ya nazi nayo yana wafuasi wengi, kwa kuwa karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo huua baadhi ya bakteria. Tatizo lake ni kwamba huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na donge baridi kinywani humchefua mtu kabla halijayeyuka.

Karatasi ilikwenda kwenye pipa la taka. Kwenye sinki mafuta hushika kuta za bomba, hukusanya uchafu, na mwisho maji hayapiti. Nilisukutua mara mbili kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Mpangilio huo una maana: floridi ije mwisho ibaki juu ya meno, na mswaki ufike kwenye ukingo wa ufizi ambako mafuta hupita tu bila kukwangua.

Nilipopitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya meno ya chini ya mbele, ulitoka na damu kidogo. Yule mama alinifunua mdomo, akatazama kwa tochi, akanionyesha kwenye kioo mstari wa njano uliogandamana na ufizi. Ukoga laini huweza kulegezwa na mafuta. Ule ulikuwa umeshakuwa jiwe. Aliniambia nisipoteze mafuta juu yake, niende kwa daktari wa meno aukwangue.