Kauli hii ina kazi gani hapa?

Jumanne, usiku

Leo umeme haujakatika, kwa hiyo sina kisingizio. Nimekaa na maswali ya GMAT, mtihani wa wanaoomba kusoma shahada za uzamili za biashara, ya aina inayonikera kuliko zote. Unapewa aya fupi yenye hoja, sentensi mbili ndani yake zimekolezwa wino, kisha unaulizwa kila moja ina kazi gani. Huulizwi kama ni kweli wala kama unakubaliana nayo. Majibu matano, chagua moja.

Tangu mtihani huu ulipobadilishwa mwishoni mwa 2023, sehemu ya lugha imebaki na ufahamu na fikra tunduizi tu; kusahihisha sentensi kumeondolewa. Maswali 23 kwa dakika 45, na humo humo kuna makala za kusoma. Maswali ya wino mzito hayaji mengi, na ushauri unaozunguka kwa watahiniwa ni kwamba ukibanwa na muda uyakisie uendelee. Mimi nayang'ang'ania. Naona anayeweza kusema kila sentensi imewekwa pale kufanya nini, yale maswali mengine ya kudhoofisha hoja au kutafuta dhana iliyofichwa yanamlainikia yenyewe.

Ugumu wake, kwa mtu aliyesoma nilikosoma mimi, una asili. Shuleni tulifanya ufahamu na ufupisho miaka yote ile, na karibu kila swali lilikuwa “mwandishi anasema nini?” Unarudi kwenye habari, unaokota jibu, unalipanga kwa maneno yako. Sikumbuki tukiulizwa “hili amelisema ili iweje?” Kwa hiyo jicho limezoea kunasa habari. Likikutana na sentensi yenye takwimu linasema “huu ni ushahidi” na kupita. Ushahidi wa nani? Wa kuthibitisha lipi? Hapo jicho linanyamaza.

Mchana leo nimepata mfano mzuri kuliko yote iliyomo kitabuni, na nimeupata kwenye grupu la kamati ya harusi ya binamu yangu. Shangazi alianza: “Jamani huo ukumbi wa Kigamboni tuubadilishe, wageni wa Tanga wanafika Mbezi saa mbili usiku.” Baba mdogo, ambaye ndiye mweka hazina, akajibu: “Ni kweli wageni wa Tanga wanafika saa mbili usiku dada, lakini advansi tumeshalipa na hairudishwi. Tubaki Kigamboni, tukodi kosta iwasubiri stendi.” Kabla hawajakaa sawa akaingia mama mkubwa: “Kama wanafika saa mbili basi chakula cha saa tatu hawatakiwahi. Tusogeze chakula mpaka saa nne.”

Wageni wa Tanga ni wale wale, na basi lao ni lile lile. Kwa shangazi, kuchelewa kwao ndiyo sababu yenyewe ya dai lake. Kwa baba mdogo ni jambo analolikubali kwanza ili asionekane mbishi, halafu analiweka pembeni. Hitimisho lake linasimama juu ya advansi. Kwa mama mkubwa ni ngazi ya chini kabisa, inayobeba “chakula cha saa tatu hawatakiwahi,” ambayo nayo inabeba “tusogeze chakula.” Ukimkata mtu sentensi ile peke yake na kumuuliza ni nini, hana la kujibu. Kazi yake haimo ndani yake. Imo kwa majirani zake.

Na ile ya mama mkubwa ya katikati ndiyo wanayoipenda watunga mitihani: hitimisho dogo. Inaungwa mkono na kitu, na yenyewe inaunga mkono kitu kingine. Mtahiniwa akiiona imetanguliwa na “basi” anaikimbilia kuwa ndilo hitimisho kuu, kumbe hoja bado inatembea. Dawa yangu ni kuzisimamisha kauli mbili na kuweka “kwa sababu” katikati, huku na huku. “Tusogeze chakula kwa sababu hawatakiwahi” inakaa. “Hawatakiwahi kwa sababu tusogeze chakula” haikai. Inayojibu “kwa nini?” ya mwenzake ndiyo inayobeba, inayoulizwa “kwa nini?” na haitumiki tena kujibu swali la yeyote, hiyo ndiyo ya juu.

Usiku huu nimejitungia aya ya mazoezi kwa mtindo wao. Wafanyabiashara wa mtaa fulani wanadai njia mpya ya baiskeli imewafukuzia wateja. Mauzo yao yalishuka mwaka ule ule njia ilipofunguliwa. Lakini mitaa ya jirani isiyo na njia ya baiskeli, mauzo yake yalishuka kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo chanzo huenda si baiskeli. Chukulia sentensi ya pili na ya mwisho ndizo zilizokolezwa.

Ya mwisho haina shida, ni hitimisho la mwandishi. Patamu ni ile ya pili. Mwandishi haikanushi! Anakubali kabisa kwamba mauzo yalishuka. Hata hivyo sentensi hiyo iko upande wa wafanyabiashara, kwa sababu wao ndio wanaoitumia kujenga dai lao. Anachopinga mwandishi ni kile kilichojengwa juu ya ushahidi, na ushahidi wenyewe ameuacha ulivyo. Jibu litaandikwa hivi: “Ya kwanza ni ushahidi unaotumika kuunga mkono msimamo ambao hoja inaupinga, ya pili ni hitimisho la hoja hiyo.” Pembeni yake watakuwekea “Ya kwanza ni ushahidi unaounga mkono hitimisho la hoja, ya pili ni hitimisho hilo,” nusu moja sahihi kabisa, nusu nyingine uongo. Aliyesoma haraka anaridhika na ile nusu iliyo sawa na kuibeba nyingine bure.

Ndiyo maana siku hizi sisomi majibu kabla sijajiandikia langu kwa maneno ya mtaani. Pembeni ya karatasi naweka “ushahidi wa wapinzani” na “msimamo wake,” basi. Halafu naanza kufuta kwa kutumia ile sentensi ninayoijua vizuri, mara nyingi hitimisho, hata kama ndiyo ya pili kwa mpangilio. Majibu mawili au matatu huanguka hapo hapo bila kujadili ile ngumu. Lugha yao ya majibu nayo ni ya kuchosha makusudi: msimamo, dai, hukumu, jambo la kuzingatia, pingamizi lililotarajiwa, yote yamefungwa kwenye sentensi moja ndefu isiyotaja baiskeli wala duka. Ukiingia humo bila maneno yako mwenyewe, unaanza kukubali kila kinachosikika kisomi.

Kuna jambo jingine linalonivuta nyuma, nalo ni ubishi. Mimi ni mtu wa kamati. Nikisoma “chanzo huenda si baiskeli” nataka kuuliza hiyo mitaa ya jirani ni ya aina gani, ina wateja gani, kulikuwa na nini mwaka ule. Maswali ya maana, ila yana mahali pake, swali la kudhoofisha hoja. Hapa ubishi unakula sekunde tu. Mwandishi anaweza kuwa amekosea kabisa na hitimisho lake likabaki kuwa hitimisho.

Maswali ya namna hii ya GMAT ninayo machache, na yale rasmi sitaki kuyamaliza mapema. Nimepakua mazoezi ya LSAT, mtihani wa wanaoomba kusoma sheria Marekani na Kanada. Wao waliondoa michezo ya mantiki Agosti 2024, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja, kwa hiyo malighafi ipo tele. Hawakolezi wino, wanakunukulia dai moja na kuuliza linashika nafasi gani. Moja ni afadhali kuliko mawili, ingawa aya zao zimebanwa zaidi. Kesho baada ya kazi naanza na hizo, za GMAT zisubiri wiki ya mwisho.